SHAURI LA ARDHI YA KIJIJI

1. Nchi ya vilima na nchi ya mapori

Upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, mahali Tanzania inapopakana na Rwanda na Burundi, ziko wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizo jirani, nazo ni Ngara na Biharamulo. Ngara ni nchi ya vilima. Watu wake wamejenga migongoni mwa vilima, na migomba imezizunguka nyumba zao. Huko hulimwa ndizi, maharage na kahawa. Chini katika mabonde ziko chemchemi na vijito viendavyo kujiunga na Mto Ruvubu. Na Ruvubu nao hujiunga na Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, hata maji hayo yakaishia katika Ziwa Viktoria. Biharamulo ni nchi iliyo tambarare zaidi, yenye mapori mapana. Huko hulimwa mahindi, muhogo na pamba, na wafugaji wengi wamekuja na ng'ombe wao kutafuta malisho.

Msafiri apitaye katika nchi hizi akiona pori linaanza baada ya shamba, na kilima baada ya kilima, aweza kudhani kuwa ardhi ni tele, wala haitakwisha. Lakini sivyo. Sehemu kubwa ya mapori hayo ni hifadhi ya wanyama. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Humo hapana ruhusa ya kulima, kujenga wala kulisha ng'ombe. Basi ardhi iliyobaki kwa watu ina mpaka, nao watu wanaongezeka kila mwaka.

2. Hesabu ya eka sita

Tutazame hesabu. Katika sensa ya mwaka 2012, kila moja ya wilaya hizi mbili ilikuwa na watu zaidi ya 320,000. Katika sensa ya mwaka 2022, Ngara ilikuwa na watu zaidi ya 380,000, na Biharamulo zaidi ya 450,000. Maana yake, palipokuwa na watu 100 katika Ngara sasa pana watu yapata 120. Na palipokuwa na watu 100 katika Biharamulo sasa pana watu yapata 140. Haya yalitokea katika miaka 10 tu. Mtoto aliyezaliwa siku za sensa ya kwanza, siku za sensa ya pili alikuwa angali shuleni.

Lakini ardhi haizai. Mtu mwenye eka sita na watoto sita, akiwagawia wote sawasawa, kila mmoja atapata eka moja. Na kila mmoja wao akizaa watoto sita, mjukuu atapata nini? Fanyeni hesabu hiyo wenyewe katika daftari zenu, ndipo mtakapojua kwa nini ndugu wa tumbo moja hugombana juu ya mpaka wa shamba, na kwa nini vijana huondoka vijijini kabla ya wakati wao.

Tena watu hawaongezeki kwa kuzaliwa tu. Penye njia kuu watu huja kutoka mbali. Nyakanazi, katika Biharamulo, ni mahali njia ya kutoka Kahama inapokutana na njia ya Kigoma. Magari makubwa yaendayo Rwanda na Burundi hupita huko usiku na mchana. Penye magari pana chakula cha kuuzwa, pana nyumba za wageni, mafundi, maduka, na vijana watafutao kazi. Mahali kama hapo hukua upesi. Na kijiji kikikua upesi bila shauri, kila mtu hujenga apendapo: huyu huweka duka juu ya njia ya maji ya mvua, yule huchimba choo karibu na kisima cha jirani, na wa tatu huziba njia ya ng'ombe kwa boma la nyumba yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kijiji kizima hudhurika.

3. Mafundisho ya siku zilizopita

Si mara ya kwanza watu wa nchi hizi kuona ardhi ikipangwa. Zamani mtu aliyetaka shamba alikwenda kwa mkubwa wa nchi au kwa wazee wa ukoo, akaonyeshwa mahali. Wazee walikumbuka mipaka kwa mti, kwa jiwe, kwa kijito, wala hapakuwa na maandishi. Desturi hiyo ilitosha watu walipokuwa wachache. Siku hizi mti ukikatwa na mzee akifa, ushahidi wote umekwisha.

Baadaye serikali zilijaribu kupanga kwa amri. Siku za utawala wa Kiingereza, watu wengi wa magharibi ya Tanganyika walikusanywa katika makazi makubwa ili waepukane na mbung'o aletaye ugonjwa wa malale. Kisha, baada ya uhuru, katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976, mamilioni ya watu wa Tanzania walihamishiwa katika vijiji. Nia yake ilikuwa kuwaleta watu karibu na shule, maji na dawa, na ni kweli kwamba shule nyingi zilipatikana. Lakini mahali pengi watu hawakuulizwa. Wengine waliacha mashamba mazuri wakapelekwa penye udongo dhaifu. Wengine nyumba zao zikawa mbali na mashamba, hata wakawa wanatembea nusu ya asubuhi kabla ya kushika jembe. Hapo twajifunza kwamba aijuaye ardhi ni yule ailimaye, na mpango uliofanywa bila yeye hukosa macho.

Lakini liko fundisho jingine lililo kinyume cha hilo. Mwezi wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari na vita katika Rwanda, watu walikimbilia Ngara kwa daraja la Rusumo. Kwa hesabu ya shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, tarehe 28 na 29 Aprili watu yapata 250,000 walivuka kwa muda wa siku moja hivi. Walikaa mahali paitwapo Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Italia iliyofanya kazi ya barabara huko. Pori tupu likawa kama mji mkubwa kwa siku chache. Makambi mengine yakafunguliwa karibu, na baada ya muda wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Fikirini: kila nyumba yahitaji kuni za kupikia kila siku, na miti ya kujengea, na maji, na mahali pa kuchimbia choo. Miti ilikatwa vilimani hata mahali pengi pakabaki uwazi, na wenyeji walilazimika kwenda mbali kutafuta kuni. Ndipo mashirika na serikali walipogawa makambi kwa viwanja na njia, wakaweka mahali pa maji, pa dawa na pa kugawia chakula, maana bila utaratibu magonjwa yangaliwamaliza watu. Wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao mwezi wa Desemba 1996, lakini vilima vilikawia kurudisha miti yake. Basi kupanga kwa amri bila kuuliza ni kubaya, na kukaa bila mpango wo wote pia ni kubaya. Njia iliyo njema ni ya katikati: watu wapange, na wapange kwa shauri.

4. Sheria isemavyo

Sheria ya Tanzania imeifungua njia hiyo. Nchi yote imegawanywa katika ardhi za namna tatu: ardhi ya hifadhi, kama mbuga na misitu ya serikali, ardhi ya kijiji, na ardhi ya jumla, nayo ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilianza kutumika mwezi wa Mei 2001. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6, ilitungwa mwaka 2007. Mwanafunzi ashike mambo makuu manne.

La kwanza: ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Lakini halmashauri si mwenye mali. Ni kama mtunza ghala, ambaye funguo ni zake na nafaka ni ya watu wote.

La pili: mambo makubwa ya ardhi hayawi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji umekubali. Mkutano huo ni wa watu wote wakaao kijijini waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake, wenye mali na wasio nayo.

La tatu: ardhi ya kijiji nayo ina sehemu zake. Iko ya mtu mmoja mmoja au jamaa moja. Iko ya wote, kama malisho, kisima, msitu na makaburi. Na iko ya akiba, inayowekwa kwa ajili ya siku zijazo. Sehemu hii ya tatu ndiyo yenu ninyi watoto. Kijiji kinachogawa akiba yote leo kimekula mbegu.

La nne: desturi yo yote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata ardhi na kuitumia haina nguvu mbele ya sheria. Hakuna awezaye kusema, "Huyu ni mjane, asipewe," akadhani amesema neno la haki.

5. Kazi hufanywa hatua kwa hatua

Kupanga ardhi ya kijiji si kazi ya siku moja. Kwanza huja watu wa wilaya wenye elimu mbalimbali: wa ardhi, wa kilimo, wa mifugo, wa misitu, wa maji na wa maendeleo ya jamii. Hukutana na halmashauri, kisha na mkutano wa kijiji, wakaeleza kazi yenyewe. Kijiji huchagua kamati yake ya matumizi ya ardhi, yenye wanaume na wanawake, na yafaa wawemo wakulima na wafugaji, wazee na vijana.

Kisha wenyeji huulizwa habari za kijiji chao. Hapo hapatakiwi kalamu ya fedha. Watu huchora ramani juu ya ardhi yenyewe: majivu huwa barabara, majani mabichi huwa msitu, mawe huwa nyumba, na kamba huwa mto. Mzee ambaye hakusoma hata siku moja hukaa chini akasogeza jiwe, akasema, "Kisima hakiko hapo, kiko nyuma ya mti ule." Wanawake huonyesha wanakoteka maji na wanakokata kuni, wachungaji huonyesha njia za ng'ombe wakati wa kiangazi. Kila mmoja anajua jambo ambalo mwenziwe halijui, hata ramani ikatimia.

Halafu mipaka hutazamwa pamoja na vijiji vya jirani. Wazee wa pande zote mbili hutembea mpakani kwa miguu, wakikubaliana huandika na kutia sahihi, na alama husimamishwa. Mpaka ukipatana, kijiji chaweza kupewa Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Baada ya hapo wapimaji hupima, na wataalamu huitazama ardhi: udongo gani wafaa kulimwa, mteremko gani utamomonyoka, bonde gani hujaa maji.

Ndipo linapofanywa shauri lenyewe: wapi pajengwe, wapi palimwe, wapi palishwe, wapi paachwe. Mpango ukiisha kukubaliwa na halmashauri hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha wilayani. Na pamoja na mpango huandikwa sheria ndogo za kijiji, ili mwenye kuuvunja apate kuadhibiwa.

6. Siku ya mkutano

Sasa tutazame kijiji kimoja siku ya mkutano wake. Jina lake tusilitaje, maana ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Lakini mambo yake ni yale yaonekanayo katika vijiji vingi.

Watu walikusanyika chini ya mwembe. Ramani ilitundikwa ukutani pa ofisi, imetiwa rangi: njano mashamba, kijani msitu, kahawia malisho, nyekundu makazi, na buluu maji. Afisa wa wilaya akaeleza kwamba, kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, shughuli za kuharibu haziruhusiwi katika mita 60 toka ukingo wa mto au wa chanzo cha maji.

Mkulima mmoja akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mimi bondeni nina bustani ya maharage. Baba yangu aliilima kabla yangu. Wakati wa kiangazi vilima vikikauka, bustani ile ndiyo inayowalisha watoto wangu. Leo mwaniambia mita 60. Mita 60 ni bustani yote."

Watu wakanyamaza, maana alisema kweli. Mzee mmoja akamjibu: "Mwanangu, nilipokuwa kijana chemchemi ile haikukauka hata mara moja. Sasa mwezi wa Agosti akina mama hukesha kando yake wakingoja ndoo moja ijae. Mmelima mpaka kwenye mdomo wake. Maji yakifa, bustani yako itamwagiwa nini?"

Mfugaji naye akainuka. "Wazee wangu na mama zangu, mimi ni mgeni wa miaka 12, na mmenipokea vema. Lakini natazama ramani hii, malisho ni kipande kidogo upande wa mawe. Ng'ombe hawali rangi ya kahawia. Na njia ya kwenda majini iko wapi? Msiponipa njia, ng'ombe watapita mashambani; nanyi mtanishtaki, na mimi nitalipa, na mwaka ujao tutagombana tena."

Vijana nao wakataka viwanja vyote kando ya barabara, kwa ajili ya maduka. Kisha bibi mmoja mjane, aliyekuwa amekaa nyuma pamoja na wanawake, akanyosha mkono. Mtu mmoja akanong'ona kwamba saa zimekwenda. Lakini mwenyekiti akasema, "Bibi, njoo mbele, sema."

Bibi akaja polepole mpaka mbele ya ramani. "Wajukuu zangu," akasema, "mimi sijui kusoma, lakini mwembe huu naujua, na barabara naijua. Mahali hapa mlipotia rangi ya soko ni shamba langu la migomba. Siku kamati ilipopita nilikuwa hospitali na mjukuu wangu. Je, soko limeninunua, au nimekwisha kufa?"

Watu walicheka, kisha wakaona aibu. Kamati ikatazama daftari yake, ikaona kwamba shamba hilo halikuandikwa kwa jina la mtu ye yote. Afisa akasema wazi: ardhi ya mtu haiwi soko kwa kupakwa rangi, hatwai mtu ardhi yake ila kwa njia ya sheria na kwa fidia.

Shauri likaendelea mpaka jua likaelekea kuchwa. Mwisho wakapatana hivi. Kando ya chemchemi mita 60 zitaachwa, na miti ya asili itapandwa. Wenye bustani watapewa sehemu nyingine bondeni, mbali kidogo na maji, katika ardhi ya akiba. Njia ya ng'ombe itaachwa pana, na birika la kunyweshea litajengwa nje ya zile mita 60, ili ng'ombe wasikanyage chanzo. Malisho yataongezwa, lakini si kwa kadiri wafugaji walivyotaka. Itawapasa kupunguza mifugo. Soko litawekwa upande wa pili wa barabara, katika ardhi ya wote. Viwanja vya maduka vitakuwa nyuma ya hifadhi ya barabara, kwa safu, vyenye njia katikati. Habari ya msitu wa kilimani, ambao kijiji cha jirani chasema ni wake, iliahirishwa mpaka wazee wa pande mbili watakapokutana.

Angalieni: hakuna aliyerudi nyumbani amepata yote aliyoyataka. Mkulima alipoteza bustani ya baba yake, na mfugaji alitoka na uso mzito. Lakini kila mmoja alisikiwa, na kila mmoja alijua sababu. Mtu huweza kuvumilia hasara aliyoelezwa. Hasara asiyoelezwa huzaa chuki.

7. Mpango usilale sandukuni

Liko jambo jingine la kuonya. Mipango mingi imefanywa vema, ikaandikwa vema, kisha ikafungiwa sandukuni. Ramani ikiliwa na mchwa, watu hurudia desturi zao: huyu husogeza jembe hatua mbili, yule hatua tatu, na baada ya mvua chache zile mita 60 zimekuwa 20. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ndiyo mali ya kwanza ya mkulima.

Kwa hiyo kila mwenye shamba yafaa aombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayoandika mipaka ya ardhi yake na jina lake. Mume na mke waweza kuandikwa wote wawili katika hati moja. Tena ni vema wafanye hivyo, maana siku ya msiba hati ndiyo inayomsemea mjane. Nakala ya ramani itundikwe mahali pa wazi, watu waione. Mkutano wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu, uulize: yale tuliyopatana yamefanyika?

Na ugomvi ukizuka, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Kazi yao ni kupatanisha. Hukaa na wagomvi, husikia mashahidi, huenda shambani kutazama kwa macho. Ugomvi mwingi wa mpaka huisha hapo, bila gharama kubwa na bila kumwaga damu. Anayechukua panga kabla ya kwenda barazani amejihukumu mwenyewe.

8. Mambo makubwa kuliko kijiji kimoja

Mara nyingine ardhi hutakiwa kwa kazi kubwa ya nchi. Watu wa Ngara wameona mambo mawili ya namna hiyo.

Katika maporomoko ya Rusumo, nchi tatu za Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80, na umeme wake hugawanywa sawasawa. Hapo mwanzo ulifikiriwa mpango wa kuyainua maji zaidi kwa bwawa, lakini bwawa hilo lingalifunika mashamba mengi ya mabondeni. Baadaye ukachaguliwa mpango mwingine, wa kuyatumia maji yanavyopita mtoni, ili watu wachache zaidi wahamishwe. Umeme ulipungua kidogo, na mashamba mengi yakaokoka. Hivi ndivyo shauri jema linavyofanya kazi: huuliza kabla ya kujenga, "Nani ataumia, na je, iko njia ya kuumiza wachache?"

Jambo la pili ni Kabanga, katika Ngara, ambako kuna madini ya nikeli mengi sana ardhini. Mwezi wa Januari 2021 serikali na kampuni ya nje zilitia sahihi mkataba wa kuyachimba, na katika kampuni iliyoundwa, iitwayo Tembo Nickel, serikali ina hisa 16 katika kila 100. Mgodi wahitaji ardhi, na walio juu ya ardhi hiyo wapaswa kuhesabiwa, kusikilizwa na kulipwa. Sheria yasema fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi. Kijiji chenye ramani, daftari na hati husimama imara katika shauri kama hilo, maana mashamba yake yamekwisha kuandikwa. Kijiji kisicho na maandishi huanza kwa kubishana mtu na mwenziwe, nani mwenye shamba lipi, na wakati huo nguvu yao hupotea.

9. Kazi ya wanafunzi

Labda mtasema, "Sisi ni watoto, hatuna shamba wala kura." Ni kweli hamjatimiza miaka 18. Lakini ninyi mwajua kusoma, na katika nyumba nyingi ninyi ndio macho ya wazee. Tangazo la mkutano likibandikwa, lisomeni mkawaambie wazazi siku na saa. Bibi akiletewa karatasi ya kutia dole gumba, msomeeni maneno yote kwanza, yale madogo ya chini pia. Ijueni mipaka ya shamba la nyumbani kwenu. Tembeeni na baba au mama, mwonyeshwe kila alama. Na mti uliopandwa kando ya chemchemi msiuvunje fimbo ya kuchungia.

Miaka michache ijayo ninyi ndio mtakaokaa chini ya mwembe mkishauriana. Wengine mtakuwa wakulima, wengine wafugaji, wengine wenye maduka barabarani, na ardhi itakuwa ile ile. Basi jifunzeni tangu sasa kumsikiliza mwenzenu mpaka amalize kusema, hasa yule aliyekaa nyuma.

Maneno ya kujifunza

Akiba: kitu kiwekwacho kwa siku zijazo.
Birika: mahali palipojengwa pa kunyweshea mifugo.
Fidia: malipo kwa mtu aliyeondolewa mali yake.
Halmashauri: baraza la watu waliochaguliwa kuongoza.
Kumomonyoka: udongo kuchukuliwa na maji kidogo kidogo.

Maswali

1. Taja wilaya mbili zilizosemwa katika somo hili, na mazao ya kila moja.
2. Kwa nini ardhi iliyobaki kwa watu wa nchi hizi ina mpaka?
3. Mtu mwenye eka 12 ana watoto wanne, na kila mtoto ana watoto wanne. Kila mjukuu atapata sehemu gani ya eka?
4. Ni nini kilichokuwa kizuri, na nini kilichokuwa kibaya, katika kuwahamishia watu vijijini kwa amri?
5. Mambo gani yalitokea Benaco mwaka 1994, nayo yatufundisha nini?
6. Halmashauri ya Kijiji imefananishwa na mtu gani? Eleza sababu.
7. Katika mfano wa mkutano, nani alipoteza kitu, na alipata nini badala yake? Je, waona ni haki?
8. Kwa nini shamba la bibi mjane lilitiwa rangi ya soko, na kamati ingalifanya nini ili kosa hilo lisitokee?
9. Mchore ramani ya mtaa wenu kwa majivu, majani na mawe uwanjani pa shule. Onyesheni njia, maji, mashamba na malisho. Kisha mwiteni mzee mmoja aitazame na kuisahihisha.